Nani Alilipia Haleluya? Wasifu wa Handel Ukisomewa Mbinga

Utangulizi

Mtu aliyekulia Mbinga, awe wa kule juu milimani kwa Wamatengo au wa kule chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay, anaifahamu Haleluya ya Handel hata kama Handel mwenyewe hamjui. Usiku wa Pasaka kanisa limejaa, taa ya jenereta inapepesa, mwalimu wa kwaya anainua mikono. Sauti ya kwanza wanapanda, besi wanashuka, watoto waliolala wanaamka. Wengi wa waimbaji hao hawajasoma nota za mistari mitano. Wamejifunza kwa solfa, yaani do, re, mi zilizonakiliwa kwa mkono katika daftari la shule, zikapigwa fotokopi, na fotokopi nayo ikapigwa fotokopi, mpaka herufi zimebaki vivuli. Juu ya karatasi pameandikwa "G. F. Handel", basi. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ni padre mmoja wa Peramiho.

Kumbe siyo. George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685, akafariki London tarehe 14 Aprili 1759. Ni mmoja wa vigogo wa muziki wa Ulaya wa kipindi kinachoitwa Baroko, tangu karibu mwaka 1600 hadi 1750. Haleluya yetu ndiyo inayofunga sehemu ya pili ya Messiah, utungo mrefu wa sauti na ala alioutunga kwa siku 24 tu, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741.

Makala haya hayauchambui utungo huo. Yanachambua vitabu vilivyoandikwa juu ya mtunzi wake. Nitavigusa vinne, viwili vya kale na viwili vya karne hii, halafu nitavipima kwa wasifu wa mwanamuziki tunaoufahamu sisi wenyewe, yaani Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Hoja yangu ni moja: wasifu wa mwanamuziki usiomwonyesha aliyelipa, aliyenakili na aliyeimba ni nusu ya wasifu, hata uandikwe kwa lugha tamu namna gani.

Ugomvi wa mazoezini

Kusema kweli hoja hii sikuitoa maktaba. Nilikuwa nyumbani likizo, nimetoka kusoma kwamba Handel aliwahi kuwa na hisa katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Kwa kiherehere cha mwanafunzi wa chuo nikalipeleka jambo hilo kwenye mazoezi ya kwaya. Pakawaka moto. Vijana wawili watatu wakataka Haleluya iondolewe kwenye orodha ya Pasaka. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema yeye anamwimbia Mungu, hamwimbii Handel. Tukabishana mpaka mazoezi yakavunjika.

Mzee mmoja wa besi, ambaye ameimba tangu kabla sijazaliwa, alikaa kimya muda wote. Watu walipoanza kutawanyika akaniita.

"Mwanangu, hicho kitabu chako kinasema huyo bwana alilipwa kiasi gani?"

"Kinasema, Baba."

"Na waliomwimbia, kimewaandika?"

"Baadhi yao kimewaandika."

Akacheka. "Basi wana bahati. Sisi hapa tumeimba miaka zaidi ya arobaini, na hata kwenye daftari la kwaya majina yetu hayamo."

Sikuwa na la kujibu. Ndugu msomaji, chukua makala haya kuwa ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Mainwaring na Burney: shujaa peke yake

Kitabu cha kwanza ni cha John Mainwaring, kasisi kijana wa Kiingereza. Kilitoka 1760, mwaka mmoja tu baada ya Handel kuzikwa, tena bila jina la mwandishi. Kinahesabiwa kuwa wasifu wa kwanza wa mtunzi wa muziki kutolewa kama kitabu kinachojitegemea. Habari nyingi Mainwaring alizipata kwa John Christopher Smith mdogo, aliyemsaidia Handel katika miaka yake ya mwisho alipokuwa kipofu.

Kifani, Mainwaring ni msimulizi wa ngano. Baba ni kinyozi aliyekuwa pia mpasuaji wa wagonjwa. Anataka mwanawe asome sheria, kwa hiyo anapiga marufuku muziki nyumbani. Mtoto anaficha kinanda kidogo darini na kukipiga usiku, watu wamelala. Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunaitambua motifu hii mara moja: mtoto wa ajabu, mzazi mkali, kipaji kisichofichika. Ni mbegu ile ile inayoota katika tendi na visa vya mashujaa kila mahali.

Utamu wake siukatai. Tatizo ni kwamba mtoto akishashuka kutoka darini, watu wote wanaomzunguka wanageuka ukuta wa kuangushia kivuli chake. Waimbaji wanapata uhai hasa pale wanapogombana naye. Matajiri wanapita wakimpongeza. Fedha zinatajwa, lakini zilikotoka hapaulizwi. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba muziki ulitoka kichwani mwa mtu mmoja ukaenda moja kwa moja masikioni mwa dunia.

Charles Burney, mwanahistoria wa muziki, alimfuata mwaka 1785. Kitabu chake kinahusu maadhimisho makubwa ya Handel yaliyofanyika London mwaka 1784, ambako waimbaji na wapigaji walizidi 500, na ndani yake ameweka maelezo ya maisha ya mtunzi. Burney ana faida moja: katika ujana wake alimwona Handel kwa macho yake. Anatupa hasira zake, matani yake na tabasamu lake. Hata hivyo kitabu kimezaliwa kwenye sherehe ya taifa, na kinanuka sherehe. Handel wa Burney ameshakuwa mnara. Hali hii sisi tunaifahamu sana. Mtu akishafanywa sanamu, nani atathubutu kumdai risiti?

Hunter: daftari linafunguliwa

Risiti zilidaiwa baada ya zaidi ya karne mbili. David Hunter alitoa kitabu chake mwaka 2015 na kukiita The Lives of George Frideric Handel. Angalia kichwa hicho: ni maisha mengi, siyo maisha mamoja. Hunter anasema kila kizazi cha waandishi kilijitengenezea Handel wake, na kazi yake yeye ni kuyabandua matabaka hayo. Chombo chake kikuu ni daftari za hesabu.

Katika daftari hizo alilikuta jina la Handel likihusiana na hisa za Royal African Company mwaka 1720. Hii ndiyo kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1672, ikachukua dhahabu, pembe na maelfu ya watu kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Mmoja wa waliokuwa mbele kuifufua mwaka huo wa 1720 ni James Brydges, Duke wa Chandos, tajiri yule yule aliyemweka Handel chini ya ulinzi wake katika jumba la Cannons mwaka 1717 na 1718. Kwa hiyo jambo lenyewe si la mtu mmoja kuwa na roho mbaya. Tabaka zima lililolipia muziki lilikuwa limeweka fedha zake humo.

Hunter anatupa pia bei ya kiingilio. Viti vizuri vya kusikiliza oratorio viliuzwa nusu gini, yaani shilingi 10 na peni 6, fedha inayokaribia ujira wa wiki nzima wa kibarua wa London. Ile picha ya Handel kama mtunzi wa umma, inayopendwa sana na waandishi wa sifa, inapata ufa hapo.

Lakini mhakiki wa Mbinga asikurupuke kama nilivyokurupuka mimi. Kuna tahadhari mbili.

Ya kwanza ni ya mahali. Kampuni hiyo ilichukua watu upande wa Magharibi. Biashara iliyopita kwetu ilikuwa nyingine: misafara iliyovuka ziwa kutoka Nkhotakota, ikakatiza nchi hii ya Ruvuma kuelekea Kilwa, nayo ilishamiri katika karne ya 19. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa Septemba 1859, miaka 100 na miezi mitano baada ya Handel kufariki. Mtu wa Liuli hawezi kusema Handel alimuuza babu yake. Akisema hivyo atakuwa ametunga ngano kama ya Mainwaring, ila amempindua shujaa kuwa zimwi.

Ya pili ni ya kiasi. Je, Handel alizinunua hisa hizo kwa hiari, au mabwana zake walimlipa kwa hisa badala ya fedha taslimu? Swali hilo ni la haki, wala halifuti jina lake daftarini. Linatukumbusha tu kwamba mwanamuziki wa wakati ule hakuwa nje ya uchumi akiutazama kwa mbali. Alilipwa nao.

Kifani, Hunter ana udhaifu wake. Amepanga kitabu kwa mada, si kwa mfululizo wa miaka, kwa hiyo msomaji asiyeyajua maisha ya Handel anapotea njiani. Na muziki wenyewe unasikika kwa mbali mno, kama kwaya ya kigango cha jirani upepo ukiwa upande mwingine. Mwandishi ametuonyesha kwa bidii nani alilipa; raha iliyowafanya watu walipe hatuioni.

King: watu wanarudi jukwaani

Pengo hilo Charles King amejaribu kuliziba katika Every Valley, kilichotoka 2024. King hamfuati Handel tu. Anawafuata watu waliokuwa karibu na Messiah au katika dunia iliyoizaa. Yumo Charles Jennens, tajiri mwenye huzuni nyingi, ambaye ndiye aliyechagua na kuyapanga maneno ya Biblia yanayoimbwa. Sisi tumeyaimba maneno hayo miaka yote bila kujua kwamba yalipangwa na mtu mwingine. Yumo Susannah Cibber, mwigizaji na mwimbaji aliyeaibishwa na kesi za mumewe mbele ya London nzima, akaenda kusimama jukwaani Dublin. Yumo nahodha Thomas Coram, aliyehangaika miaka na miaka kuanzisha nyumba ya watoto waliotupwa.

Na yumo Mwafrika, Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu msomi kutoka Bundu, katika nchi ya Senegal ya leo. Alikamatwa akiwa safarini kurudi kutoka mto Gambia, ambako yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kuuza watu wawili. Akapelekwa Maryland, akaandika barua kwa Kiarabu, barua ikafika London, na mwaka 1733 naye akafika huko. Walioshughulikia ukombozi wake na kurudi kwake ni pamoja na wakubwa wa Royal African Company, kampuni ile ile ya hisa. Mwaka 1734 akarudi kwao.

Hapa usawiri wa King umefaulu kwa sababu Diallo hakufanywa malaika. Ni mtu aliyeuza, akauzwa, akakombolewa na wauzaji. Ila mshono wa kumuunga na Messiah ni mwembamba: aliondoka London miaka saba kabla Handel hajaandika nota ya kwanza ya utungo huo. King anamhitaji ili kuonyesha zama, na msomaji makini ataona uzi ukivutwa kwa nguvu.

Pamoja na hayo, King amefanya jambo ambalo wale watatu hawakulifanya: ameshika ncha zote mbili za jambo bila kuachia moja. Messiah iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye pete pana na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi, karibu 700. Sehemu ya mapato ilitumika kulipia madeni ya wafungwa, na watu 142 wakatoka gerezani. Baadaye utungo huo huo, ukiimbwa mwaka hadi mwaka katika nyumba ya watoto ya Coram kuanzia 1750, uliingiza karibu pauni 7,000. Muziki mmoja unafungua minyororo ya wadeni, na jina la mtunzi wake limo katika daftari la minyororo mingine. Wasifu dhaifu huchagua ukweli mmoja na kuuficha wa pili. Wasifu wenye afya huviweka vyote mezani na kumwachia msomaji kazi.

Siti na Shaaban Robert

Sasa basi, tusiwacheke Wazungu kana kwamba sisi tumeshamaliza kazi yetu. Shaaban Robert alichapisha Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, katika ukoo uliotoka utumwani. Jina alilopewa ni Mtumwa. Alibeba vyungu akavipeleka mjini kuuza, akaingia katika uimbaji, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Angalia tofauti: Handel alikuwa upande wa wanaomiliki daftari, Siti alitoka upande wa wanaohesabiwa ndani yake.

Uamuzi wa Shaaban Robert kwamba mwanamke fukara, mwimbaji, anastahili kitabu ni uamuzi mkubwa, nao hatuna budi kuuheshimu. Lakini mbinu yake iko karibu zaidi na Mainwaring kuliko tunavyopenda kukubali. Siti amechorwa kama kielelezo cha maadili: subira, ukarimu, bidii, unyenyekevu. Mara nyingi sauti ya mwandishi inafunika sauti ya mwimbaji. Wenziwe wa taarabu, kina Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, wanabaki nyuma ya pazia, wakati bila wao hakuna santuri. Ilibidi tusubiri hadi Laura Fair na Pastimes and Politics, 2001, ili kuwasikia wakazi wa Ng'ambo wakieleza nyimbo za Siti zilimaanisha nini kwao, na ni wakubwa gani zilikuwa zikiwachoma. Fair kwa Siti ni kama Hunter kwa Handel: anatoka kwa shujaa anakwenda kwa wasikilizaji.

Wasifu usioandikwa

Turudi Mbinga. Muziki wa kwaya ulitufikia kwa milango miwili. Milimani walikuja Wabenediktini wa Kijerumani, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na kufika kwetu kupitia Kigonsera. Ziwani, katika eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa, walikuja Waanglikana wa UMCA, ambao makao yao yalikuwa kisiwani Likoma tangu 1885 na meli yao Chauncy Maples ilishushwa majini mwaka 1901. Handel, Mjerumani aliyepewa uraia wa Uingereza mwaka 1727, angeweza kupita mlango wowote kati ya hiyo miwili bila kuulizwa pasi.

Wala wenyeji hawakukaa tu kupokea. Ngoma ya mganda ya pande hizi za ziwa ilichukua mwendo wa gwaride na bendi za askari, lakini tarumbeta zake ni malipenga, yaani vibuyu. Padre Stephen Mbunga aliandika Church Law and Bantu Music, kilichochapishwa Uswisi mwaka 1963, akipima sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu dhidi ya muziki wa Kibantu. Ni kitabu cha hoja, na hoja zake zilihitajika. Lakini kanuni hazituambii ni nani aliyekaa kibatari kikiwaka akinakili solfa kurasa nane kwa ajili ya kigango kizima.

Wasifu wa mtu huyo ndio nautaka. Ukiandikwa sawasawa, utatueleza nani alilipia kinanda. Kwetu jibu ni kahawa. Mwaka kahawa ikilipa, kwaya ina sare mpya na safari ya kwenda kurekodi. Kahawa ikianguka, mwalimu anafundisha kwa kuazima kinanda cha jirani, na mara nyingi analipwa debe la mahindi na "Mungu akubariki". Huyo mkulima wa kahawa, aliyelima ngoro kwenye miteremko ya Umatengo ili mchango wa kwaya upatikane, ndiye Duke wa Chandos wetu, isipokuwa yeye hakumuuza mtu.

Hitimisho

Je, Haleluya iondolewe? Msimamo wangu: hapana. Wimbo umeshapita katika vifua vingi mno kuwa mali ya mwenye hisa wa mwaka 1720. Lakini kuimba kwa kujua si sawa na kuimba kwa kutojua, na kazi ya wasifu ni kututoa kutojua bila kutupokonya wimbo. Kwa kipimo hicho Mainwaring na Burney wametupa shujaa, Hunter ametupa hesabu, King ametupa jamii, na Shaaban Robert ametupa heshima ya kuanzia.

Pasaka ile Haleluya iliimbwa. Kabla ya hapo nilinunua kaunta buku moja mjini Mbinga, nikampelekea mzee wa besi. Ukurasa wa kwanza tukaandika: maneno yamepangwa na Jennens, muziki ni wa Handel. Chini yake tukaanza kuorodhesha waliowahi kuiimba katika kanisa lile, waliofariki kwanza. Alikumbuka majina 31 siku hiyo, na ya wanakili wa solfa wawili. La kwake alikataa lisitangulie.

Wenzangu mnaotafuta mada ya tasnifu, madaftari ya solfa yapo kwenye makabati ya parokia zetu, na panya nao wapo. Tuwahi.